Namba ya Tatu Mlangoni

Mlango wa mbele wa chuo cha zamani cha walimu nimeutengeneza mimi. Naanza na hilo kwa sababu miezi minane mizima ya kampeni sikumwambia mtu, hata mke wangu, na mke wangu ndiye mwenyekiti wa kamati ya kukiokoa chuo chenyewe pamoja na msitu unaokizunguka.

Kampuni moja inataka kubomoa jumba, kufyeka miti na kujenga hoteli. Sheria inasema jengo lililotimiza miaka mia halibomolewi, na msitu wake hauguswi. Nyaraka za chuo ziliteketea zamani, kwa hiyo ushahidi uliobaki ni mwaka uliochongwa mlangoni: 1918. Kamati ikauchapa kwenye fulana. Mke wangu, mwalimu mstaafu aliyesomea pale, akaniletea yangu. Nikaivaa, ikanibana tumbo na roho.

Ukweli ni huu. Nikiwa kijana, mkuu wa chuo aliniita nibadilishe mlango uliooza. "Nakili kila kitu kama kilivyo," akaniambia. Nikanakili. Lakini namba ya tatu ilikuwa imeliwa na mchwa, pamebaki shimo. Ilikuwa moja? Ilikuwa nne? Nilikuwa na njaa, na moja ni mstari tu, patasi mara mbili umemaliza. Nikachonga moja. Mlango wa zamani nikaupasua kuni. Nani angejua kwamba siku moja watu wazima na akili zao watakuja kupiga picha na njaa yangu?

Jumatano afisa wa mambo ya kale alikuja kusikiliza pande zote mbili, palepale kwenye ukumbi wa chuo. Wakili wa kampuni, viatu vinang'aa, akasimama.

"Mlango huu si wa zamani," akasema. "Mlinzi wa zamani anasema ule wa kwanza namba yake ya tatu ilikuwa haisomeki vizuri. Aliyeutengeneza huu yumo humu humu ndani." Akaninyooshea kidole.

Watu wakageuka. Mke wangu aligeuka mwisho.

"Ni kweli, fundi?" afisa akauliza.

"Kweli."

"Na ule wa kwanza, namba ya tatu uliiona ni ngapi?"

Nikisema sijui, msitu umekwenda na maji. Nikisema moja, huenda nasema kweli na huenda nadanganya, na mtu unadanganyaje jambo usilolijua? Nikajaribu kulikumbuka lile shimo. Mara nikaliona limesimama wima, mara lina mkono pembeni.

"Moja," nikasema.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Afisa akaanza kuandika. Ndipo mke wangu aliposimama.

"Mheshimiwa, usiandike. Mume wangu hajui."

Afisa akainua kalamu.

"Mama mwenyekiti, unaelewa unachofanya?"

"Hata sielewi. Ila nimeishi na huyu miaka thelathini. Ukimuuliza saa ngapi, anakueleza kwanza saa aliinunua wapi. Leo kajibu kwa mkato." Akanigeukia. "Baba watoto, nimepita nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu wasitie sahihi jambo wasilolijua kwenye karatasi za kampuni. Sema tu."

Nilimkasirikia na nilimpenda, sijui kipi kilitangulia. Nikaeleza yote, mchwa, shimo, njaa, kuni. Nilipomaliza, wakili alikuwa anatabasamu, na wanakamati wanatazamana kama watu walioambiwa kuna msiba bila kuambiwa amekufa nani.

Afisa akafunika kalamu yake. "Bila mwaka," akasema taratibu, "sina cha kuizuia kampuni."

Mke wangu akaja kukaa karibu nami. Nje ya dirisha miti ilikuwa inatikisika kidogo, kama siku zote. Akaushika mkono wangu, na wake ulikuwa wa baridi.

"Nimeuua msitu," akaninong'oneza. "Na huenda kweli ilikuwa moja."