Kwetu Maiti Hungoja

Nilifika na mkungu wa ndizi kichwani na leso mpya mkobani, tayari kukesha wiki nzima. Uani hapakuwa na turubai, wala spika, wala mtu wa kulia kwa sauti. Palikuwa na viatu tu, vingi, vimepangwa mlangoni.

"Mama yuko wapi?" nilimwuliza Mulki, bintiye marehemu Mariam. Nilimaanisha mochari gani.

"Tulimzika juzi, Mama Osoro. Siku ileile aliyofariki, kabla ya magharibi."

Nilitua mkungu chini. Habari ya kifo ilinikuta shambani Birongo, kapu la chai mgongoni. Nikajiambia: nimalize kuchuma, nifikishe majani kituoni, niwaachie watoto chakula, kisha niende nikae. Kwetu maiti hungoja. Hungoja watoto watoke Nairobi, hungoja kwaya ishone sare. Miaka yote niliyoketi na Waislamu sikuwahi kuuliza wao huzika lini. Nani huuliza jambo kama hilo watu wakicheka?

Maana tulikuwa tukicheka. Baraza la Mariam, nyuma ya duka lake mjini Kisii, ndilo lililotufunza kushona kofia: wake wa wenye maduka, sisi Wasabato, na Roselyne, Mkatoliki wa Suneka, ambaye baada ya uchaguzi hakutaka hata salamu yangu mpaka sindano zilipotukalisha mkeka mmoja. Kila kofia ilishonwa na wawili: huyu duara la juu, yule ukanda wa pembeni. Mariam alinichagua mimi, nadhani ili anichokoze vizuri.

"Mama Osoro, hiyo ni kofia ama ni gunia la majani chai?"

Sikuwahi kukosa jibu. "Gunia langu halivuji!" Na baraza likaangua kicheko.

Ukanda wa kofia ya mwisho nilikuwa nao mkobani. Ilikuwa ya mwanawe, Abdirahman, avae siku ya ndoa yake.

"Basi nimwone," nilisema, kana kwamba kaburi lina mlango.

Mulki alinishika mkono akaniingiza ndani. Hitima ilikuwa imemalizika; wanawake walinisogezea mkeka. Mahali pa Mariam hapakukaliwa. Mulki akaniletea lile duara. Sindano ilikuwa bado imechomekwa, uzi ukining'inia pale mkono wake ulipoishia.

Nilivaa miwani. Nikaanzia pale alipoachia, nikijitahidi kulegeza mkono kama yeye. Uzi ukakaza, kama kawaida yangu. Nikafumua. Nikashona tena. Ukakaza tena.

Mulki aliinama kutazama.

"Mama Osoro," alisema polepole, "hiyo ni kofia ama ni gunia la majani chai?"

Wanawake wote walinigeukia, Roselyne naye, wakingoja nijibu.