Mieleka Katika Shamba la Pamba

Huko Wamaza, miaka ile ya pamba ya lazima, hakukuwa na mtu asiyejua kapita Octave, msimamizi wa mashamba, anaingia shamba la nani na kwa nini. Kazi aliyopewa na Muzungu wa pamba ilikuwa kukagua tu: mistari imenyooka, majani yamepaliliwa, mashina ya zamani yameng'olewa na kuchomwa. Lakini macho yake hayakukaa kwenye mistari. Alichagua mashamba ya wanawake ambao waume zao wako mbali, akaja jua la utosini wakati wengine wamekwenda kivulini, akasema palizi hii mbovu, na palizi mbovu dawa yake fimbo na buloko, yaani jela, ila mambo huzungumzwa. Yalizungumzwaje, msinitake nieleze. Mwanamke alirudi nyumbani kimya, akaoga, akapika chakula cha jioni.

Msimu ule Dominique, mume wa Cécilia, alichukuliwa kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila. Hata nyayo zake hazijafutika njiani, Octave akaja kusimama kwenye ukingo wa shamba. Alimwangalia Cécilia kwa muda, akatabasamu, akaenda zake. Cécilia akajua zamu yake imefika.

Sasa, Octave alikuwa mtu wa Kasongo mjini, na kuna jambo hakulijua. Cécilia alizaliwa Lusangi, nyumba ya watu wa mieleka. Kaka yake mkubwa Fidèle, yaya kama wasemavyo kwao, alikuwa akicheza kila kiangazi baada ya mavuno, kijiji kwa kijiji, na alihitaji mtu wa kujizoeza naye. Mdogo wa kiume hakuwa naye, basi dada ndiye aliyegeuzwa gunia. Aliangushwa nyuma ya jiko mpaka akajua kuanguka bila kuumia. Alipojua kuanguka, akaanza kukataa kuanguka. Siku moja Fidèle akajikuta amelala chali anaangalia mawingu. Mama yao aligomba sana, akauliza nani ataoa msichana mwenye shingo nene kama ya mhunzi. Dominique alioa, tena mbio.

Kwao mieleka ilikuwa na adabu yake. Mgongo ukigusa ardhi, mambo yamekwisha. Aliyeangusha humpa mwenzake mkono, humwinua, humpangusa vumbi mgongoni kwa kiganja, watu wakiona. Asiyefanya hivyo ushindi wake hauhesabiwi, na huzomewa kama mtu asiye na wazazi. Fidèle alimkazania dada yake jambo hilo kuliko hata mbinu zenyewe. Akisahau kunyoosha mkono, wanarudia upya.

Octave alikuja siku ya upepo. Cécilia alikuwa anapalilia peke yake.

"Muke wa Dominique," alisema, "hii palizi iko mubaya."

"Iko mubaya wapi, bwana kapita? Nionyeshe nitengeneze."

"Weka jembe chini kwanza."

Aliliweka. Msimwone mjinga. Jembe likimgusa kapita, hata kwa bahati mbaya, ilikuwa buloko ya Kabambare na fimbo, na hakuna ambaye angeuliza kilichotangulia. Hilo Cécilia alikuwa ameliwaza siku nyingi: Octave asipate alama, asitoke damu, asivunjike hata ukucha. Lakini pia asipate alichokifuata.

Octave akamkamata mkono, akaanza kumvuta kuelekea kwenye mihogo. Cécilia hakushindana naye. Mcheza mieleka anayevutwa hufurahi, kwa sababu anayevuta amekwisha kutoa uzito wake. Alimfuata hatua, akaingia chini ya kwapa lake, akamweka nyonga tumboni, akainama. Kapita akaiona miguu yake mwenyewe hewani. Akatua chali katikati ya mstari wa pamba, fimbo yake ikaruka huko, pumzi ikamtoka yote.

Na hapa ndipo ninapokasirika kila nikisimulia. Badala ya kukimbia, au kupiga kelele, Cécilia alimnyooshea mkono.

Haikuwa huruma, nawaapia. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda miaka yote nyuma ya jiko, na kiganja cha pili kilikuwa tayari kupangusa vumbi. Octave aliuona mkono ule, akaukamata, akauvuta kwa nguvu zote. Cécilia akaanguka uso kwenye udongo. Alipojigeuza chali, yule bwana alikuwa amekwisha kumpanda juu, na vidole viko shingoni.

Aliogopa. Nisiwadanganye, aliogopa mpaka masikio yakaziba. Maisha yake yote mgongo ukigusa chini mchezo ulikuwa umekwisha. Yanayotokea baada ya hapo hakuna aliyemfundisha. Alipapatika kama kuku, akapoteza pumzi bure. Kisha akakumbuka kwamba kuanguka anakujua, na kwamba mtu aliyekukamata shingo kwa mikono miwili hana wa tatu wa kujishikilia asipinduke. Akakumbatia mkono mmoja wa Octave kifuani, akanasa mguu wake wa upande uleule, akasukuma kiuno juu, akabingirika. Walipotulia, kapita alikuwa amelala kifudifudi, mkono wake umekunjwa mgongoni, na goti la Cécilia liko kiunoni mwake. Hapo ndipo alipopata sauti ya kuita watu.

"Niachilie," Octave alisema. "Nitakufunga."

Cécilia akaukaza mkono kidogo.

"Niachilie mbele ya watu kufika," akasema tena, sasa kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto. "Shamba lako nitasema iko muzuri. Sitakanyaga hapa tena. Ni mimi na weye tu tutajua."

Cécilia alikaribia kukubali. Bega lilikuwa linamwaka, na alitamani tu mtu yule aondoke. Lakini akafikiri: asipokanyaga hapa, kesho atakanyaga kwa nani? Akaendelea kuita.

Wa kwanza kufika alikuwa Marie-Thérèse, ambaye watu humwita Mama Emile, jirani wa shamba la chini, mwanamke mwenye mwili wake. Alikuja na jembe begani. Nyuma yake wakaja wengine kutoka kivulini, mmoja mmoja, wakasimama kwenye mistari. Mama Emile alipoona ni nani aliye chini, alisimama kama aliyepigwa na kitu. Mwaka uliopita, wakati wa kuvuna, Octave alikuwa ameingia shamba lake pia.

"Mama Emile," Octave alisema, mdomo umejaa udongo, "ambia huyu mutoto aniachilie."

Mama Emile alimtazama Cécilia.

"Umemushika vizuri?"

"Mikono imechoka, mama."

"Basi pumuzika."

Akatupa jembe, akaja akakaa juu ya miguu ya kapita, uzito wake wote. Mwanamke mwingine akakaa mgongoni, wa tatu akamshika mkono wa pili. Mmoja aliokota fimbo ya Octave, akainyanyua, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Musimupige," Cécilia alisema haraka. "Asikuwe na alama hata moja."

Wakamkalia hivyo hivyo. Hawakumtukana, hawakumfinya. Waliongea habari zao, nani amepata malaria, nani amejifungua, huku kapita yuko chini kama kigogo cha kukalia. Walipokuja wanaume kutoka kijijini, wakaona wenyewe kwa macho yao, ndipo wanawake wakaondoka juu yake.

Octave hakwenda kushtaki. Angesema nini? Mwili wake ulikuwa mzima, na ili ashtaki ingebidi amwambie Muzungu wa pamba kwamba ameangushwa na mwanamke kisha akakaliwa. Tangu siku ile alikagua pamba ya Wamaza akiwa amesimama barabarani.

Habari zilifika Lusangi zikiwa zimenona, na Fidèle akaja mbio, anacheka njia nzima. Alimkuta dada yake uani, shingo bado imevimba, na bila hata kunywa maji akataka asimuliwe hatua kwa hatua, kama wacheza mieleka wanavyopenda. Cécilia akasimulia. Alipofika kwenye mkono, Fidèle akaacha kucheka.

"Nani alikuambia umupe mukono mutu wa vile?"

"Ni weye, yaya."

Fidèle akajikuna kichwa. "Nilikufundisha muchezo, Cécilia. Sikujua kama siku moja..."

"Hukujua? Kule Lusangi hamukusikia kama Octave anaingia mashamba ya wanawake?"

Fidèle angeweza kusema uongo, lakini hakusema, na namsifu kwa hilo.

"Tulisikia," alisema. "Watu wote walijua."

"Na weye?"

"Na mimi."

Cécilia alihisi hasira ambayo hata kwa Octave hakuihisi. Mtu huyu alimfundisha kuanguka, kusimama, kupangusa vumbi mgongoni mwa mwenzake, na habari hii alikuwa nayo muda wote, akaikalia. Alilia kidogo, akafuta uso kwa ncha ya kikwembe chake. Fidèle hakujua aweke wapi mikono.

Wakati huo wanawake walikuwa wanaingia uani, Mama Emile mbele, vikwembe vimefungwa kiunoni kwa nguvu. Walikuwa wamepatana na Cécilia toka juzi awafundishe mieleka. Fidèle alipowaona akasimama, akajikung'uta suruali, ameona njia ya kulipa.

"Nitawafundisha mimi," alisema.

"Weye unajua ya kucheza," Cécilia alimwambia. "Mutu ashakupanda juu na kukukaba koo?"

Fidèle alifikiri. "Hapana."

"Basi lala chini, yaya. Mama Emile, njoo umukalie, tuone atatoka namna gani."