Baba Yetu Juu ya Jiwe la Kusagia

Mwaka wa sabini na nne, Marcelline alikuwa katekista wa kanisa dogo la nyasi huko Midia, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kila Jumamosi aliwakaririsha watoto sala, na kila Jumapili walikuwa wameshazisahau. Pasca, binti wa miaka minane, hakushika hata neno moja. Akiulizwa, aliutazama tu ukungu uliokuwa nje ya mlango.

Asubuhi moja Marcelline alipita kwao akamkuta anasaga mtama huku anaimba. Sauti ilikwenda na kurudi pamoja na jiwe, laini, hata Marcelline akajiona kama anaelea usingizini. Akapiga magoti mbele ya jiwe, akaanza kuyaimba maneno ya Baba Yetu kwa sauti ileile.

Pasca akacheka. "Mama, hii ni wimbo ya kusaga! Mungu iko hapa?"

"Iko. Imba tu."

Wakaimba mpaka unga ukajaa ungo.

Mwezi uliofuata padri alifika kutoka misheni ya Ediofe kuwapima watoto wa komunyo ya kwanza. Pasca alifumba macho, akaanza kuyumba taratibu, akaimba sala nzima. Wenzake wakamfuata, na wanawake wazee nao wakayumba.

"Kwa nini tunamwita Baba?" padri akauliza.

"Kwa sababu tunamwomba chakula kila siku," Pasca akajibu, "na yeye hachoki kutusikia."

Padri akaliandika jina lake katika orodha ya watakaopokea komunyo. Marcelline aliinamisha kichwa, akalia kwa furaha.