Mikono ya Kushoto ya Soweto

Asubuhi hiyo Bi Hajira, mlezi wa watoto wa mtaa, alikuwa amekaa barazani kwake, mtaani Soweto, mtoto mmoja pajani, mwingine mgongoni, wa tatu akitafuna ncha ya mtandio wake, na uji unachemka jikoni bila mwangalizi. Digna alipofika na Wenseslaus, mtoto wa miezi minane mwenye jina zito kuliko mwili wake, alikuta jibu limeshaiva.

"Shikamoo, Bi Hajira."

"Marahaba. Usimshushe huyo. Wamejaa, mwanangu, na mikono ninayo miwili tu. Ningekuwa pweza ningekupokelea."

Digna hakuwa na pengine pa kumwacha. Wenzake wenye bibi Kibosho huwapandisha watoto huko migombani. Mama yake yeye yuko Kasulu, na Kasulu huwezi kumpeleka mtoto asubuhi ukamfuata jioni. Kazini, kwenye banda la kufungasha maharage machanga ya kwenda Ulaya, akinamama walishaomba chumba kimoja cha watoto, wakaambiwa ombi linafanyiwa kazi. Maharage yenyewe yalikuwa na chumba chao, chenye ubaridi mzuri.

Lori la wafanyakazi likapiga honi barabarani. Aliyelikosa lori, kazi pia aliikosa.

Basi Digna akauchomoa mkono wake wa kushoto begani, taratibu, kama mtu anayevua gauni lenye zipu mbovu, akamkabidhi Bi Hajira.

"Huu umezoea kumbembeleza," alisema. "Ila usiufulie nepi, una baridi yabisi."

Bi Hajira akaugeuza, akakagua kucha. "Huu unafaa." Mkono ukampokea mtoto, ukaanza kumpigapiga mgongoni.

Haukupita muda akinamama wengine nao wakaleta mikono yao ya kushoto. Mtaa ukatoa ulichokuwa nacho. Mashaka, fundi seremala, alitengeneza benchi refu ili mikono ipumzike watoto wakilala. Muuza maziwa akawa anaacha kilichobaki kwenye ndoo. Rukia wa cherehani akafunga kila mkono kitambaa cha rangi yake, maana jioni moja Theodora, mwenzake Digna kazini, alirudi nyumbani na mkono wa mtu mwingine, na mumewe hakupata usingizi.

Bandani walipangana wawiliwawili: Digna anashika, Theodora anakata vikonyo. Katoni zilijaa kama zamani. Msimamizi wao, Basili, alisimama nyuma yao na saa yake, akakuna kidevu, akaondoka bila neno. Kimya cha msimamizi si cha kukishangilia.

Siku moja mchana Digna akahisi joto kwenye kiganja ambacho hakuwa nacho. Kilikuwa kwenye paji la uso la Wense. Joto likapanda. Akahisi kitambaa cha maji, joto tena, halafu ule mwili mdogo ukakakamaa na kuanza kutetemeka.

"Bosi, mtoto wangu anaungua homa. Naomba ruhusa."

"Nani kakupigia? Simu si zimebaki getini?"

"Hakuna aliyepiga. Nimemgusa."

Basili akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa vizuri. "Kumbe mkono uko huko. Unakwenda kufanya nini cha zaidi?"

"Kumshika."

"Si umeshamshika?"

Theodora akadakia, "Bosi, wewe ulizaliwa au ulishushwa na lori?"

"Nilishushwa na lori. Digna, ukitoka geti lile, usirudi."

Hakutoka. Akitoka, dawa ya kesho atainunua na nini? Akaendelea kushika maharage. Kwenye kiganja cha mbali ikaja mitikisiko ya pikipiki, mashimo ya barabara aliyoyajua moja moja. Akajua Fahad wa bodaboda ameitwa. Kisha benchi baridi la zahanati. Vidole vidogo vikakamata dole gumba lake, vikakaza.

Kisha vikalegea.

Digna akabaki ameshika haragwe moja. Theodora akalivuta fungu la Digna upande wake, chini ya pua ya msimamizi, akaanza kushika na kukata peke yake, akisaidiwa na meno. Vidole havikurudi. Maharage yakapita. Lori likaja na kuwasha taa, ndipo kitu kikagusa dole gumba, kwa unyonge, kikaling'ang'ania.

Alimkuta Bi Hajira zahanati, Wense amelala juu ya mkono.

"Malaria," alisema Bi Hajira. "Nusura imchukue. Nesi kauliza mama yuko wapi, nikamwonyesha mkono wako. Akasema amshike vizuri wakati wa sindano. Ukamshika."

Digna akaurudisha mkono begani. Ulikuwa umechoka kuliko yeye, na kulikuwa na mambo uliyoyaona ambayo yeye hangeyajua kamwe.

Jumatatu Basili akawakusanya. Uongozi unawapongeza, alisema. Ombi la chumba cha watoto limefungwa, kwa kuwa tatizo limekwisha. Wanawake waliokuja kuomba kazi na mikono yao miwili walirudishwa kutoka getini, wakaache mmoja kwanza.

Kisha zikagawiwa glavu mpya, kila mtu moja, ya kulia. Digna akaivaa kwa kuivuta na meno, akasogea mezani.