Mkurugenzi Mkaazi

Fundi wa makochi alikuwa na kila karatasi iliyotakiwa na nchi ile ya ugenini. Cheti cha zimamoto alikipata baada ya kutoboa mlango wa pili nyuma ya karakana. Leseni ya manispaa, namba ya mlipakodi, mkataba wa pango, vyote vilikuwa mkobani mwake. Alichokosa ni mkurugenzi mwenye ukaazi wa kudumu, na hapo ndipo shemeji yake, mume wa dada yake, alipojitosa.

"Hisa hamsini na moja kwa mia andika kwangu," shemeji alimwambia karani wa usajili wa makampuni. Kisha akamgeukia fundi. "Ndiyo sheria ya huku, shem. Mgeni hashiki nyingi. Mimi nilitangulia kuja, haya nayajua."

Tangu karakana ifunguliwe, shemeji hajapigilia hata msumari mmoja, ingawa kwa kuyajaribu makochi yaliyokwisha alikuwa hodari.

"Kutangulia si kufika, shemeji." Akamwinamia karani. "Samahani, naomba kuuliza. Huyo mkurugenzi mkaazi, ni lazima awe na hisa?"

"Si lazima," karani alisema. "Awe na ukaazi tu, na akubali kutia sahihi."

Shemeji akakunja mikono kifuani. "Bila hisa mimi sisaini. Haya, kampuni utafungua na nani? Na makochi yako?"

Kama kampuni isingesajiliwa siku ile, muda wa leseni ungekwisha, na karakana ingefungwa.

Dada yake, aliyeshona mito ya kila kochi lililotoka karakana ile, alikuwa kwenye benchi la nyuma amepakata mkoba wa mumewe. Tangu waingie hakuna aliyemuuliza kitu. Aliinuka akaja dirishani.

"Ukaazi mimi na mume wangu tulipewa pamoja," alimwambia karani. "Nionyeshe pa kusaini."

"Mke wangu, kaa chini. Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani tutaongea. Hapa nasaini."

Karani akauliza hisa ziandikwe vipi.

"Nusu yangu, nusu yake," fundi alisema.

"Mdogo wangu, mimi sijaomba hisa."

"Ndiyo maana nakupa."

Dada alimrudishia mumewe mkoba, akashika kalamu.