Hewa ya Kutengeneza Mbolea

Nilikamata mkanda wa mume wangu Kambere kwa mikono miwili, nikajitupa chini kwenye mawe ya volkano. Akanikokota hivyo hivyo kuelekea shimo. Mle ndani, mdogo wake Guylain alikuwa amepiga magoti kama mtu anayefunga kamba za kiatu. Jirani yetu Viateur, aliyeruka kumwokoa, alikuwa amemlalia mgongoni.

"Uniache, Mama Olive. Ni mudogo wangu."

"Ukiingia, utalala pale nao. Sikuachi."

Miezi michache kabla, Rodrigue, mtu wa kampuni, alitukusanya hapa kijijini kwetu Lac Vert. Alisema gesi ya methani iliyo ndani ya ziwa kubwa ingetoa amonia. Na mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini na kuua mbuzi wetu, ingechanganywa na amonia hiyo, ikatoa urea. Mbolea tunayoifuata kwa pikipiki hadi mjini Kiwanja ingetengenezwa mlangoni petu. Hakudanganya. Nina diploma ya kemia. Najua ndivyo inavyotengenezwa. Guylain alicheka, akasema sasa mazuku italipa mbuzi wake. Akaajiriwa kuchimba shimo la kupimia hewa.

Alfajiri, kabla upepo haujaamka, hatuachi mbuzi bondeni, maana mazuku hutuama huko. Kila mtoto wa hapa anajua. Lakini shimo lile tulilichimba wenyewe, hatukuliogopa. Jana yake watu walikaa ukingoni wakila mahindi ya kuchoma, miguu ikining'inia ndani. Usiku hewa ile ikalijaza, haina rangi, haina harufu. Asubuhi Guylain alishuka kuchukua jembe lake. Mimi nilikuwa nawaletea chai.

Kambere alinipiga kiwiko mdomoni, jino likatoka. Sikuachia. Niliwapigia watu kelele walete mti mrefu na kamba, wasishuke. Wakawavuta wale wawili kwa nguo zao. Miili ilikuwa bado na joto.

Baadaye vita vilipofika Sake, mji wa jirani, Rodrigue aliondoka. Kiwanda hakikujengwa.

Lakini kabla ya hayo, kwenye matanga ya Guylain, mama mkwe alikuja kukaa karibu nami mkekani. Alitazama mdomo wangu uliovimba, kisha akamtazama Kambere, aliyesimama mlangoni na asiyetaka kuniangalia.

"Huyu ulimukamata," akasema. "Guylain alikuwa na nani wa kumukamata?"

Sijui kupamba maneno.

"Hakuwa ameoa bibi bado, mama."

Akaitika kwa kichwa. Akavuta pindo la kitenge changu, akajifuta macho, na hakuliachia mpaka watu wote walipokwenda.