Fundo la Lango la Mfereji

Mwendesha mashtaka aliinua kipande cha waya na kumuuliza Fundi Mita, "Mzee, hili fundo ni lako?"

Fundi Mita, mstaafu wa idara ya maji, alivaa miwani kwa kuvuta muda tu. Fundo lile angelitambua hata gizani, kwa kidole gumba. Kizimbani alisimama shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, akishtakiwa kumwagilia shamba kupita kibali na kuchezea mita, huku mashamba ya chini yakikauka. Akipatikana na hatia, pampu itafungwa msimu mzima, na nyanya ndiyo kwanza zimetoa maua.

Waya ule ulitolewa kwenye kifuniko cha mita. Idara husokota mara mbili, basi. Huu ulipindwa, ukarudi nyuma, ukapita chini ya tumbo lake wenyewe.

Mara akawa kijana tena, ameloa hadi magotini, posa yake haijajibiwa. Baba mkwe anawafundisha yeye na shemeji kufunga lango la mbao la mfereji zamu ya nyumba yao inapoisha. Enzi hizo hapakuwa na mita. Kila nyumba na fundo lake. Ukilikuta langoni unajua wenzako wameshatosheka, wamekuachia. "Mwenye tamaa," mzee alisema, "mkono wake utamsema." Na ng'ambo ya maji binti yake anacheka, ndoo kichwani, haimwagiki hata tone. Jamani, kicheko kile!

"Mzee, tunakusubiri," alisema hakimu.

"Si langu, Mheshimiwa. Mimi kazini nilisokota mara mbili."

"Lakini unalijua?"

Shemeji alikuwa akivitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine.

"Nalijua. Ni la marehemu baba yake huyu. Tuliobaki kulijua ni wawili."

"Na wa pili ni mimi!" shemeji akadakia, wakili wake akimvuta koti bila mafanikio. "Nilifungua nikabana gurudumu la mita kwa kijiti, lisihesabu. Kufunga sasa, mikono ikaenda ilikozoea."

Pampu ikafungwa msimu mzima.

Nje, shemeji alimvaa. "Ulishindwa hata kusema macho yamezeeka?"

"Yamezeeka kweli. Na wewe mwizi gani, unaiba halafu unaacha sahihi ya baba yako?"

Shemeji alitaka kununa, kicheko kikamtoka puani. "Dada angekuwepo, je?"

"Wewe angekunyima chai. Mimi angenivuta sikio kwa kusitasita."

Kesho yake walikwenda pamoja kwenye lango la kuingizia maji kwenye pampu. Ofisa wa idara aliwapa kufuli la kulifungia. Shemeji akalibana, kisha, bila kuambiwa, akachomoa kamba mfukoni. Akapinda, akarudi nyuma, akapitisha chini.

"Kaza," alisema Fundi Mita. "Wa chini walione."